Mabano Mekundu

Simu iliita nikiwa nafunga kabati la dawa. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, na kwenye foleni alibaki mama mmoja na mtoto wake mwenye kikohozi. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikauliza kama naweza kuongea kidogo. "Naitwa Ndinda, napiga kutoka huku Mwingi. Pole kwa kukusumbua. Hata sijui wewe ni nani. Namba yako iko kwa simu ya dada yangu, ameiandika 'Chumba cha Waberi'. Nilidhani ni mambo ya nyumba ya kukodi, lakini nikasema acha nijaribu." Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa. Nilijua kabla hajasema, maana mtu hapekui simu ya dada yake aliye mzima na kuwapigia asiowajua. "Dada yako ni Mwalimu Mutheu," nikasema. "Alikuwa," akajibu. Walimzika Alhamisi iliyopita. Aliugua muda mfupi tu, akasema, na hakutaka watu wasumbuliwe. Kisha akaniambia kuna daftari. Alikuwa akichoma makaratasi ya marehemu, yale yasiyo na kazi, akakuta daftari la mambo ya shule asiyoyaelewa, akalifungua kabla ya kulitupa motoni na kuliona jina la Hibo ndani yake. "Wewe ndiye Hibo?" Ndiye mimi. "Basi si la kuchoma," akasema. Nilimwambia nitampigia kesho saa kumi, nikakata simu haraka kuliko adabu inavyotaka. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wagonjwa. Wagonjwa wenyewe wana zamu hiyo. Nikamsikiliza mtoto kifua chake, nikampa mama yake maelezo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliyakosea.

Sasa niko nyumbani na nina siku moja ya kuandika jambo nililoliahirisha miaka mingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeumia vya kutosha. Kulikuwa na neno nililopaswa kumwambia Mwalimu Mutheu, neno fupi tu, lisilozidi sentensi mbili. Kila sikukuu nilipompigia nilimwambia habari za mvua na malisho na binti yangu aliyeng'oka meno, nikakata simu neno likiwa bado mdomoni. Wanaotaka nasaba yangu na habari za Griftu nilikozaliwa wawaulize wazee. Wataanza na babu wa nane na magharibi itawakuta hawajafika kwangu. Mimi nitaeleza mwaka mmoja tu, na chumba kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa uani kwa shangazi yangu, Eeddo Khadija, mtaa wa Waberi mjini Garissa. Eeddo ndiyo shangazi kwetu Wasomali, na yeye hakukubali kuitwa vinginevyo. Kuta zilikuwa za mawe yasiyopigwa lipu, paa la mabati, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na mlango wa chuma ambao kuanzia saa nne asubuhi uliunguza mkono wa anayeusukuma. Mpangaji wake alikuwa Mwalimu Mutheu, aliyetufundisha kemia. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kwa miaka miwili alikula chakula cha jioni na Eeddo kwenye mkeka mmoja. Kiswahili cha Eeddo kilikuwa kile cha kuokota sokoni, akakitumia bila hofu. "Mwalimu, wewe nakula bole bole kama mgonjwa," alikuwa akimwambia. "Kula! Hii nyama ya ngamia, hapana karatasi." Mwalimu alicheka na kula kwa kijiko, Eeddo kwa mkono, na mimi nilipokuja kutembea siku za Jumapili kutoka bweni nilikaa katikati yao nikiona haya kumtazama mwalimu wangu akitafuna.

Mwaka wangu wa kidato cha nne, muhula wa kwanza ukiwa bado mchanga, walimu waliotoka bara waliondoka wakihofia maisha yao. Sababu zake kila mtu wa huku anazijua, na kila mtu ana namna yake ya kuzinyamazia. Ndani ya wiki moja chumba cha walimu kilibaki na vikombe. Mwalimu Mutheu aliondoka asubuhi na begi moja na maandalio yake ya masomo, na Eeddo akamsindikiza hadi langoni akiwa ameshika kanga yake kwa meno kama mtu anayejizuia kusema. Mwishowe akasema. "Hii chumba ni yako. Mtu mwingine hapana ingia. Ukirudi, iko." Wapangaji watatu walikuja mwaka ule na wote akawafukuza. Lakini chumba kikifungwa huharibika, na bweni letu lilikuwa limefungwa kwa kukosa wasimamizi, kwa hiyo Eeddo akanitia mimi humo hadi mwisho wa mtihani. "Mtihani ukiisha na hujapata nafasi ya chuo, utarudi Griftu," akaniambia kwa Kisomali. "Chumba si chako. Wewe ni mlinzi tu." Nilitaka chuo cha uuguzi kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani, na chuo kilitaka nipasi kemia.

Nikaingia chumbani na sanduku langu. Kwenye msumari nyuma ya mlango kulikuwa na sweta ya sufu ya Mwalimu, na mimi na Eeddo tuliitazama tukacheka, maana sweta Garissa ni kama mwavuli ndani ya kisima. Kwenye dirisha kulikuwa na kopo lenye vipande vya chaki nyekundu. Kitanda kilikuwa na shimo la mtu mwembamba katikati, na usiku wa kwanza nililala ukingoni kwa heshima. Shuleni hali ilikuwa mbaya zaidi. Wenye jamaa Nairobi au Nakuru walihamishwa. Tulibaki wasichana saba katika darasa la madawati arobaini, na badala ya kusogeleana kila mmoja alibaki kwenye dawati lake la zamani, kana kwamba wengine wangerudi baada ya mapumziko. Saa za kemia tulikaa kimya tukitazama ubao. Vitabu tulikuwa tukisoma wanne kwa kimoja, na waliohama walihama navyo. Nilirudi nyumbani adhuhuri, nikala wali na ndizi peke yangu, Eeddo akiwa kibandani kwake sokoni akiuza maziwa ya ngamia, na nilisikia sauti ya kijiko changu kwenye sahani. Nilikuwa mpweke, na nalisema hivyo hivyo kwa sababu wakati ule hakuna aliyenifundisha kwamba linasemeka.

Wiki ya pili simu ikaita saa kumi. Ilikuwa simu ndogo ya kubofya, ya tochi, aliyonipa Eeddo ili aweze kuniuliza kama nimefunika maziwa. "Hibo, uko na kalamu?" Bila salamu, kama alivyokuwa akiingia darasani. Nikasema ninayo. "Basi andika." Na kuanzia siku hiyo, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi baada ya sala, Mwalimu Mutheu alinipigia kutoka kwao na kunisomea maandalio yake, nami nikaandika nikiwa nimekaa sakafuni, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Kwa nini mimi? Aliniambia alikuwa na namba ya Eeddo peke yake, na Eeddo akampa yangu bila kujua kwamba angepiga kila siku. Sikuuliza zaidi. Nilidhani ananifanyia hisani katikati ya shughuli zake nyingi huko kwao, labda kati ya kipindi na kipindi katika shule mpya nzuri yenye maabara.

Kujifunza kwa sikio halikuwa jambo geni kwangu. Duksini, kwenye chuo cha Kurani, tulisomewa aya, tukaiandika kwenye ubao wa mti, tukaikariri, tukaifuta, tukaandika nyingine. Kwa hiyo mlinganyo wa kemia uliposomwa simuni niliuchukua kama aya: niliurudia kwa sauti mara tatu na haukutoka tena. Mwalimu alisoma "C a, C O tatu, jumlisha mbili H C l, inatoa," na mimi nilimkamilishia. Lakini mtu akisoma mlinganyo kwa mdomo huacha vitu. Darasani, Mwalimu Mutheu alikuwa akiandika mlinganyo mzima kwa chaki nyeupe, anarudi nyuma hatua mbili, anautazama, kisha anachukua chaki nyekundu na kuweka mabano madogo baada ya kila kitu: s kwa kigumu, l kwa kimiminika, g kwa gesi, na aq kwa kilichoyeyuka majini. Simuni hakukuwa na chaki nyekundu. Alisoma nyeupe tu.

Na hapa ndipo lilipo lile neno langu. Mimi niliyakumbuka yale mabano. Nilikuwa na kopo la chaki nyekundu juu ya kichwa changu, ningewezaje kusahau? Ila nilikuwa na maoni yangu. Duksini mtoto huanza na maandishi yenye harakat, zile alama za juu na chini ya herufi zinazomwonyesha jinsi ya kutamka. Barua za Kiarabu alizoletewa mwalimu wetu wa duksi hazikuwa na hata moja, naye alizisoma bila kukwama, na sisi watoto tuliona hapo ndipo elimu ilipo: mjuzi hahitaji vijialama. Nikaamua kwamba mabano ya Mwalimu ni harakat za kemia, mkongojo wa wanafunzi wa kidato cha pili, na kwamba kuyaacha kunaonyesha mtu aliyekomaa. Nakumbuka nikitazama ukurasa wangu ulio safi, wenye milinganyo isiyo na bano hata moja, nikijiona nimekuwa mwanachuoni. Hakuna aliyenishauri upumbavu huo. Niliutunga mwenyewe, katika upweke wangu, na nilijivunia.

Uani nako kulikuwa na maneno. Jirani yetu Mama Shukri alikuja kila jioni kunywa chai, na ukuta wangu haukuwa mnene. Walizungumza Kisomali, naandika Kiswahili. "Khadija, msichana wako anajifungia saa kumi," nilimsikia siku moja. "Ananong'ona. Mimi nimezaa mabinti wanne. Najua kunong'ona." Nikasikia kikombe cha Eeddo kikiwekwa chini. "Una hakika?" "Wallahi, na leo alicheka." Kesho yake, saa kumi, niliona kivuli cha miguu miwili chini ya mlango. Kilikaa hapo kipindi chote, nami nikamalizia somo la asidi na chumvi nikijifanya sijakiona. Jioni nikasubiri hukumu. "Basi?" Mama Shukri akauliza. Eeddo akavuta pumzi. "Nimesikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Anasema C, anasema O, anasema mbili, anasema tatu. Kama huyo ni mwanamume, Mama Shukri, basi ni mwanamume mgonjwa." Wakacheka wote wawili, nami nikacheka upande wangu wa ukuta, mdomo nimeuziba kwa mto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka na watu baada ya miezi, na wao hawakujua kama nilikuwemo.

Muhula wa pili ukaja mtihani wa majaribio, ambao shule za wilaya zilibadilishana karatasi kusahihishiana. Niliufanya kwa raha. Wasichana wengine sita walitoka wamekunja uso, nami nilitoka nikiwa tayari najihesabu muuguzi. Karatasi ziliporudi, yangu ilikuwa imejaa miduara. Baada ya kila kitu katika kila mlinganyo, pale palipotakiwa kuwa na mabano, msahihishaji aliyekuwa na subira ya ajabu alichora duara dogo jekundu, tupu, na pembeni akakata nusu alama. Nusu hapa, nusu pale, kurasa zote. Ile milinganyo ilikuwa sahihi. Hakuna hata mmoja uliokosewa. Nilianguka kwa nusu nusu. Nilipita sokoni bila kusimama kwa Eeddo, nikaingia chumbani, na jasho likanitiririka hadi kwenye karatasi nikiwa nangoja saa kumi.

"Mwalimu, umeniangusha," nikamwambia, naye hata hajaniuliza kama nina kalamu. "Alama za mabano hukunisomea. Hata siku moja! Nimefeli kwa sababu yako." Sauti yangu ilisikika hadi kwa Mama Shukri, nina hakika. Upande wa pili nilisikia jogoo, na mtu mbali akiita mwingine kwa Kikamba. Kisha Mwalimu Mutheu, ambaye darasani hakuwahi kukubali kosa hata la kuandika tarehe, akasema polepole, "Ni kweli. Sikukusomea. Hilo ni kosa langu, Hibo." Pale pale ndipo pangekuwa mahali pa lile neno. Ningesema, Mwalimu, nilizijua, niliziacha mwenyewe. Kosa lilikuwa limesimama katikati yetu, naye alilichukua na kulibeba kama lake, na mimi nilimwacha alibebe. Nilikata simu.

Wiki tatu sikupokea. Kila saa kumi simu iliita, ikatetemeka juu ya sanduku, ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Mara moja tu kwa siku. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Nilikaa kitandani nikiitazama kwa hasira, na baada ya siku chache hasira iliisha ikabaki aibu, na aibu ni ngumu zaidi kupokea nayo simu. Wiki zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote za maisha yangu, na nimezika watu tangu wakati huo. Chai niliinywa bila sukari kwa kusahau tu. Eeddo aliniletea canjeero, mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, asubuhi na kuikuta jioni imekauka kingo. Hakuniuliza kitu. Siku moja tu alisimama mlangoni akaitazama ile sweta msumarini, akasema, "Wallahi, mwanamume wako mgonjwa amepona au nini, hapigi tena?" Nikageukia ukutani.

Jumatatu ya wiki ya nne nilipokea. Mkono wenyewe ulipokea, mimi nilikuwa bado nabishana. Mwalimu hakuniuliza nilikuwa wapi. "Hibo, shangazi yako ako na birika?" Lipo, nikasema. "Lete." Nikaenda jikoni nikalichukua birika la Eeddo, lile la zamani la bati, lililochemshia maji ya kisima yaliyoletwa na mkokoteni wa punda tangu sijazaliwa. "Chungulia ndani. Unaona nini?" Nikamwambia naona ukoko mweupe, mnene, kama chokaa. "Kwaruza na ukucha." Nikakwaruza. "Hiyo ukoko, ulishaiona ikiingia kwa birika?" "Hapana, Mwalimu. Maji yalikuwa safi." "Lakini ilikuwemo. Ilikuwa imeyeyuka, huwezi kuiona, unainywa tu. Sasa washa moto uchemshe. Nini inatoka kwa mdomo wa birika?" "Mvuke." "Na gesi ndani ya mvuke, hiyo imeenda, hutaipata tena. Maji yanabaki maji. Na ukoko unashika ukuta." Akanisomea mlinganyo, na kwa mara ya kwanza akasoma na alama zake: kalisi ile ya kuyeyuka, mabano aq; inatoa kalisi kaboneti, mabano s; jumlisha maji, mabano l; jumlisha kabonidioksidi, mabano g. Alama zote nne katika mstari mmoja. "Ukiniandikia majina peke yake," akasema, "umenipa orodha ya waliokuwa ndani ya birika. Mimi nataka kujua nani aliondoka, nani alibaki akashika ukuta, na nani ako hapo lakini haonekani." Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikadhani tunazungumza juu ya birika.

Tangu siku hiyo alizisoma zote, kila mlinganyo, hata ile tuliyokwisha kuipita alirudi nayo mwanzo. Wakati mwingine nilichoka na kumwambia nimeelewa, tuendelee, naye alisema, "Acha nisome." Nilinunua kalamu nyekundu. Mtihani wenyewe ulifika mwezi wa kumi na moja, katika joto la mchana la kuyeyusha mshumaa, na niliweka mabano hadi mahali ambapo hayakutakiwa, na nikapasi, na Eeddo akachinja mbuzi akamwita Mama Shukri aje amwone muuguzi. Nilimpigia Mwalimu kumwambia. Akasema, "Vizuri. Sasa saa kumi utakuwa unafanya nini?" Nikacheka, nikamwambia nitalala. Sikumwambia lile neno siku ile kwa sababu ilikuwa siku ya furaha. Sikumwambia sikukuu zilizofuata kwa sababu zilikuwa sikukuu. Chumba Eeddo hakukipangisha hadi alipofariki, na sweta ninayo mimi.

Niliandika hadi hapo jana. Leo nimempigia Ndinda saa kumi, nimekaa sakafuni, sijui kwa nini, viti nyumbani kwangu vipo. Alipokea mara moja, alikuwa ameningoja. Nikamuuliza Mwalimu alikuwa akifundisha shule gani miaka hii. "Kufundisha?" akasema. "Hakufundisha tena, mama. Tangu atoke huko kwenu. Aliomba shule mbili tatu, hawakumwita, akaacha. Alikuwa kwa duka ya kaka yetu, anauza sukari na betri. Ni mwaka ule wa kwanza tu. Ikifika saa kumi alikuwa anaacha duka, anaingia ndani, anavaa viatu vya shule, anasimama. Hakuwa anakaa akiongea na simu. Anasimama tu hapo mbele ya kabati kama kuna watu. Sisi tulimcheka sana." Akaongeza, "Kuna wakati alivaa viatu na simu haikushikwa huko. Kama wiki tatu hivi. Alipiga mara moja, akaweka simu chini, akachukua hii daftari akaandika mpaka tukamwita chakula. Kila siku. Mama yetu akasema huyu sasa atapotea akili."

Miaka yote hii nilidhani mpweke alikuwa mmoja, na kwamba ule mkono ulionyooshwa ulinyooshwa upande mmoja tu. "Limeandikwa nini?" nikauliza. Nikasikia kurasa. "Hesabu za herufi, sijui. Nyeusi na nyekundu. Lakini hapa juu kabisa kuna maneno. Kalamu nyekundu. Ameandika: 'Msomee Hibo na za mabano. Usisahau tena.'"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa Kiswahili kibovu kama cha Eeddo: kwamba halikuwa kosa lake, kwamba nilizijua zile alama, nilizikumbuka ubaoni, kopo la chaki lilikuwa juu ya kichwa changu, niliziacha kwa kiburi changu mwenyewe kisha nikamfokea, na alipojilaumu nilinyamaza. Nilipomaliza, nilisikia jogoo huko, si yule, ila sauti ni ile ile. "Sasa hilo," akasema Ndinda, bila ukali, "mimi nimwambie nani?" Alikuwa na haki ya kukata simu, na ningemwelewa. Badala yake akaniuliza, "Unataka nikusomee?" Nikasema ndiyo. Nikavuta karatasi na kalamu mbili, nikaibana simu kwa bega.

Ndinda hajui kemia, kwa hiyo hakujua cha kuruka. Alisoma kila kilichokuwepo: C kubwa, a ndogo, fungua mabano, H, C, O, tatu ndogo imeshuka chini, funga mabano, mbili ndogo, halafu mabano tena, nyekundu, a na q. Alisoma taratibu, akikosea na kurudi, nami niliandika nyeusi kwa nyeusi na nyekundu kwa nyekundu. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa na birika la Eeddo lote mbele yangu. "Niendelee?" akauliza. Endelea, nikamwambia. Akageuza ukurasa, na kabla ya kufika kwenye herufi akasoma tena yale maneno, msomee Hibo na za mabano, usisahau tena, kwa sababu yalikuwepo na kwenye ukurasa ule, na kwenye uliofuata.